Mikono imenituliza, lakini boti bado sipandi

Khaleti, shikamoo.

Mimi ni mke wa miaka 34, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu, mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni ukarani na ofisi yetu iko Mokowe, kwa hivyo kwa miaka sita nimekuwa nikivuka asubuhi na kurudi jioni. Sikuwahi kuyafikiria maji. Kwetu sisi bahari ni ndia tu, kama bara wanavyopanda matatu.

Mwezi wa saba, kusi imeshika, tulichelewa kutoka kazini tukapata boti ya mwisho. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Katikati ya safari mashine ikazima, boti ikalala ubavu, wimbi likaingia, likafuata la pili, na mimi nilikuwa upande wa chini. Maji yalinifika kifuani. Nilishika buibui la mama mmoja nisiyemjua na sikuliachia mpaka boti nyingine ilipokuja kutuvuta. Hakufa mtu. Zilipotea simu na viatu tu. Tulipofika gatini watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Baada ya wiki usingizi ukakatika. Naamka saa tisa za usiku, moyo unakwenda kama mtu anayetwanga, taya zimekazana hata asubuhi mkate wa mofa siwezi kuutafuna. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Upepo ukibamiza mlango, naruka. Nimejaribu kupanda boti mara tatu, na mara zote tatu nimefika kwenye ngazi za gati miguu ikagoma. Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Likizo yangu iliisha, nikaomba nyingine isiyo na malipo, nayo inaisha mwisho wa mwezi huu.

Hospitali nilikwenda. Presha nzuri, kipimo cha moyo kizuri. Nikapewa vidonge vya usingizi, kimoja kila usiku, na nimevimeza wiki tano. Nalala, ila naamka kichwa kizito kama kilichotwikwa gunia.

Sasa, jirani yangu anayefanya usafi kwenye nyumba za wageni Shela akaniambia kuna mama wa Kizungu anayetibu mishipa ya fahamu kwa mikono. Nilikwenda kwa miguu, nikipita ufuoni, maana hata boti ya Shela siiwezi. Akanilaza chali juu ya meza nikiwa na nguo zangu zote, hata mtandio sikuvua. Akaniwekea viganja chini ya kisogo akatulia vivyo hivyo. Hakukanda, hakusugua. Ilipita kama robo saa. Kisha akanipitishia kiganja chini ya kiuno, akatulia tena. Mikono yake ilikuwa myepesi, hata kikombe cha kahawa kina uzito zaidi. Mwanzo nilijiambia, leo nimeliwa. Halafu, Khaleti, nikaanza kulia. Sikuwa na huzuni yoyote, machozi yalikuja yenyewe yakaingia masikioni. Nikalala palepale. Usiku ule sikumeza kidonge na nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Nimekwenda mara tatu, shilingi 6,000 kila mara. Anasema mfumo wangu wa neva umeganda. Anasema maji yanayouzunguka ubongo yana mawimbi yake na yangu yamekwama, na kwamba mshtuko wa siku ile umehifadhiwa ndani ya mifupa na nyama yangu, akinishika mara kumi utatoka wote. Mara kumi ni 50,000, na zalipwa mwanzo. Ameniambia pia vidonge niviache mara moja kwani vinauzuia mwili usijitibu.

Mume wangu, ambaye ni nahodha, amesema, "Hamsini elfu za kushikwa kichwa? Lete nikushike mimi bure." Mama yangu amekasirika: "Ndoo nikupeleke kwa bibi akukande." Huyo bibi ndiye aliyenikanda arubaini zangu zote mbili, na huchukua 500. Kaka yangu naye asema mikono isiyoonekana inachofanya ni ushirikina, nisomewe tu. Mimi nimo katikati. Ninalolijua ni moja: siku nikishikwa nalala, na baada ya siku tatu nne narudi nilipokuwa. Tiba hii ni ya kweli? Nilipe? Na mbona nililia?

Mwoga wa Mai, Lamu

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa maji yale na pole kwa kicheko kile cha gatini, maana naona hicho nacho hakijakutoka.

Kabla ya lolote, usiviache vidonge ghafla. Hukuniandikia jina lake, lakini ikiwa ni vya jamii ya diazepamu, mwili ukishavizoea wiki tano haupendi kunyang'anywa kwa usiku mmoja. Usingizi hukatika vibaya kuliko mwanzo, mikono hutetemeka, jasho hutoka, na kwa waliovitumia muda mrefu nimewahi kuona degedege wodini. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie unataka kuvipunguza, akupangie kidogo kidogo. Nawe una haki ya kutaka kuviacha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu watu waliopatwa na mshtuko mkubwa, lilisema wazi kwamba dawa za jamii hiyo zisitolewe kutibu kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Wewe tayari uko mwezi wa nne na bado wapewa hivyo tu. Lakini wa kukupunguzia ni huyo mwenye kalamu ya dawa. Yule mama wa Shela si kazi yake, na mtu wa mikono anayejiingiza kwenye vidonge vya mtu mimi humwekea alama nyekundu. Ukiwa huko omba pia wakupime damu na tezi ya shingo. Tezi ile ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na usingizi hupaa, mtu akadhani ni hofu tupu. Nauliza kwa ajili ya uhakika tu, maana kisa chako kina chanzo kinachojulikana tarehe yake.

Haya, tuje kwenye mikono.

Tiba uliyoipata huitwa kraniosakrali, maana yake fuvu la kichwa na mfupa wa chini ya kiuno. Najua kwa sababu na mimi nimeilalia. Malindi, kama ujuavyo, Waitaliano wamejaa, na mmoja wao, rafiki yangu wa miaka, alijifunza kazi hiyo akataka kichwa cha kujaribia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Akaniwekea viganja chini ya kisogo, na kitu cha mwisho ninachokumbuka ni panka ikizunguka juu. Nilipoamka aliniambia nilikoroma. Nikamuuliza ulihisi nini mikononi? Akasema wimbi, linakuja na kuondoka. Nikamwambia pengine ni mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Hakupenda, lakini chai alinipa.

Basi mimi naamini mikono ile. Hadithi inayouzwa pamoja nayo ndiyo siinunui, na 50,000 zako naona zinaombwa kwa ajili ya hadithi.

Hadithi yenyewe ilitoka Marekani. Mtabibu mmoja wa viungo, William Garner Sutherland, mwanzoni mwa karne iliyopita alishikilia kwamba mifupa ya fuvu la mtu mzima hucheza kidogo kidogo na kwamba mkono uliofundishwa unaweza kuuhisi mchezo huo. Miaka ya 1970 akaja John Upledger, akayatengeneza mawazo hayo yakawa tiba ya kushika kwa uzito wa gramu 5 hivi, ndiyo hiyo ya kikombe chako cha kahawa. Maji ya ubongo ni kweli yapo. Mtu mzima anayo kama mililita 150, na mwili huyatengeneza upya kiasi cha nusu lita kwa siku. Ni kweli pia yanacheza, hufuata mapigo ya moyo na pumzi. Lakini fuvu lako, mwanangu, si la mtoto mchanga mwenye utosi unaodunda. Mifupa yake imeshikamana. Na wataalamu wa tiba hiyo walipopewa mtu mmoja kila mmoja ampime wimbi lake, hesabu zao hazikulingana. Manahodha wawili wakipima kina cha maji mahali pamoja, mmoja akapata pima mbili mwenziwe tisa, wewe utatia nanga hapo? Majaribio ya tiba yenyewe ni machache na madogo, na mengi hayakufanywa vizuri. Kwa hiyo akikuambia mawimbi yako yamekwama, hana kipimo cha kujua hilo. Na mshtuko hauhifadhiwi mifupani kama nafaka ghalani hata uhesabiwe siku za kutoka. Kumbukumbu imo kichwani, na mwili unaitikia kila inapoguswa.

Mbona basi ulilala?

Ndani yetu kuna mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe bila kutuuliza, nao una pande mbili. Upande mmoja hupandisha tanga: hatari imekuja, moyo uende mbio, misuli ikaze, taya zibane, masikio yasimame. Upande wa pili hutua tanga na kutia nanga: moyo upoe, tumbo lisage chakula, mate yarudi kinywani. Nanga hiyo kubwa ni neva moja iitwayo vagasi, inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wewe siku ile tanga lilipandishwa kwa sababu ya haki kabisa, na likakuokoa, ndilo lililokupa nguvu ya kulishika buibui la watu. Tatizo lako ni kwamba boti imefika gatini mwezi wa saba na tanga bado liko juu. Saa tisa za usiku, mlango, upepo, yote kwa mwili wako ni lile wimbi la pili.

Mkono wa kupoza hupitia ngozini. Kuna nyuzi za neva kwenye ngozi yenye malaika, yaani vinyweleo laini, mikononi, mgongoni, usoni, ambazo kazi yake si kukwambia umeguswa wapi. Zinasema tu kwamba umeguswa vizuri. Wanasayansi wa Uswidi, kina Åke Vallbo na Håkan Olausson, walizisikiliza miaka ya 1990 kwa sindano nyembamba kama unywele zilizochomwa kwenye neva za mikono ya watu waliojitolea. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba nyuzi hizo hupenda mkono wa polepole, sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, na zaidi karibu na 3, tena wenye joto la ngozi, si baridi wala moto. Ukipapaswa haraka hazijali.

Sasa nikuulize, ni nani aliyemwambia hayo bibi yako wa kukanda? Wangu mimi, arubaini ya kifungua mimba wangu, namkumbuka hivi: anaweka kibakuli cha mafuta ya simsim pembezoni mwa jiko la makaa, si juu yake, pembezoni. Anachovya kidole, anadondoshea tone kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, anangoja. Likiwa moto anapuliza. Likiwa baridi anarudisha. Ndipo anaanza begani kushuka, mkono wa pili haujaondoka kabla wa kwanza haujarudi, na huku anasoma kimoyomoyo, pumzi yake yasikika. Hakuna saa ukutani. Nililia mimi pale, tena kwa kwikwi, na yeye hakusimamisha mkono wala hakuniuliza nina nini. Alinifunga mkaja, akaniletea uji wa pilipili manga.

Kwa hiyo kulia kwako nimekuona. Mtu aliyeshikilia misuli miezi mitatu, siku ikiachia huachia na machozi. Hakuna aibu, wala si dalili ya ugonjwa. Wala pia si ushahidi kwamba mshtuko unatoka kwa mafungu kumi, asikubebe mtu kwa machozi yako.

Na tusisahau kuhesabu vitu vingine vilivyokuwamo kwenye chumba kile: saa nzima umelala chali, simu imezimwa, hakuna anayekuita mama, hakuna anayekuuliza lini utarudi kazini, na kabla ya hapo umetembea ufuoni zaidi ya nusu saa kwenda na utatembea tena kurudi. Mama wa watoto wawili mara yake ya mwisho kupata saa kama hiyo ni lini? Mimi hiyo peke yake ningeiandika kwenye cheti.

Pesa, basi. Kumi za kulipa mwanzo usilipe. Hata tiba ingekuwa na ushahidi wa milima, malipo ya mbele yanakufunga wewe na kumfungua yeye. Ukipenda, na mfuko ukiruhusu, nenda mara moja moja, ulipe ya siku hiyo, na ujue unanunua nini: usingizi wa siku tatu nne. Kitu kikubwa hicho kwa mtu wa hali yako, siudharau. Ila kwa bei ya mara moja ya Shela bibi wa Langoni atakukanda mara kumi na mbili. Mwambie tu huji kutolewa uchovu wa kubeba magunia, asikukandamize kama anakanda unga wa chapati. Mpole, polepole, mafuta vuguvugu, mgongo na mikono na nyayo. Shingo asiinyonge wala kuipindua, kwa mtu yeyote yule. Na siku ukiwa na homa, au mguu mmoja umevimba na kuuma, usikandwe, nenda hospitali, kwani donge la damu likiwa mguuni mkono wa kukanda unaweza kulisukuma.

Mumeo nimempenda. Alisema kwa hasira, lakini neno lake ni la maana kuliko alivyodhani, kwa hiyo mshike hapohapo. Baada ya isha, watoto wamelala, ulale chali mkekani bila mto. Yeye akae nyuma ya kichwa chako, mgongo wake ameegemea ukuta, viwiko vimetua chini ili asichoke. Viganja vyote viwili chini ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo, vidole vimelegea. Asiinue, asivute, asisugue. Manahodha hawajui kushika kitu bila kukivuta, mpe siku mbili tatu azoee. Wewe vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Ukienda hivyo ni pumzi sita kwa dakika, mwendo ambao ile nanga yetu, vagasi, huitikia vizuri, maana moyo hupungua kasi kila unapotoa pumzi. Dakika kumi. Kisha akupapase mkono, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, ahesabu moja mpaka nane ndipo afike. Nane kamili! Ataona ni polepole mno, na ndipo anapopatia. Mikono ya kamba ina sugu, najua, apake mafuta. Na asizungumze habari za boti.

Yote haya yatakulaza. Hayatakupeleka Mokowe.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu katika barua yako nzima hakuna hata mmoja, si Mzungu, si mama, si kaka, si hospitali, aliyekutajia boti. Kila mmoja anatibu usiku wako. Na kila mara unapofika ngazini ukarudi nyumbani, moyo unatulia, na mwili wako unaandika: tumepona kwa sababu tulirudi. Mara tatu umeufundisha somo hilo. Usiposomeshwa jingine, mwaka ujao hutapita hata karibu na gati.

Kukatika usingizi, kuruka kwa sauti, kukwepa mahali, kwa zaidi ya mwezi: hayo yana jina na yana tiba yenye ushahidi, nayo ni ya kuzungumza, inayolikabili tukio lenyewe hatua kwa hatua na mtu aliyefundishwa. Pale hospitali kuu ya kaunti uliza mshauri nasaha au mtu wa afya ya akili, si daktari wa zamu, na useme neno zima: "Tangu boti ilipoingia maji siwezi kuvuka, na nitapoteza kazi." Usiseme tu hulali. Ukisema hulali utapewa vidonge tena.

Wakati unangoja zamu yako, una kitu ambacho wagonjwa wangu wengi hawakuwa nacho, nahodha ndani ya nyumba. Mtumie. Kaeni kwanza ufuoni tu mnatazama boti zikitia na kutoka, nusu saa, kila siku, mpaka uone moyo umepanda na kushuka wenyewe mkiwa bado mmekaa. Hilo la kushuka mkiwa bado mmekaa ndilo lenye kazi, mkiondoka moyo ukiwa juu mmeharibu siku. Ikishakuwa rahisi, mashua yake ikiwa imefungwa na maji yamepwa, ingia ukae. Usafishe samaki humo ukitaka. Siku nyingine maji yakiwa yamejaa, bado imefungwa, uisikie ikicheza. Halafu kwa kamba ndefu. Halafu kandokando ya ufuo kuelekea Shela, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Halafu Manda na kurudi. Mokowe iwe ya mwisho, kwanza naye, kisha na shoga yako wa kazini, kisha kwa boti ya abiria, na hapo uwe na sharti moja ambalo si la woga: ikijaa kupita kiasi, hupandi, unangoja nyingine. Ulipaswa kuwa nalo tangu mwezi wa saba. Nalo hukuwa nalo kwa sababu sisi watu wa pwani tunaona haya kuogopa bahari mbele za watu.

Hatua ikikushinda, rudi moja nyuma, usirudi nyumbani. Na msimu uko upande wako: kusi imekwisha, kaskazi inaingia, bahari yenu hapo kati itakuwa tulivu kuliko ilivyokuwa siku ile. Chagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, uache bamvua. Mumeo anajua kalenda hiyo kuliko mimi.

Kazini waandikie leo, usingoje mwisho wa mwezi. Barua fupi yenye karatasi ya hospitali, ukiomba wiki chache zaidi na ukitaja kwamba uko kwenye matibabu.

Kuhusu kaka yako: mwambie kushikwa kichwa na mwanamke mwenzio ukiwa umejisitiri sioni ushirikina wake, lakini ya sheria mimi si mwenyewe, mwende pamoja mkamuulize mwenye elimu. Na kusomewa usikatae. Ukisomewa na mtu mtulivu, sauti ya chini, pumzi ndefu, ukakaa kimya na dua zako, hayo yote mwili wako unayapokea vizuri. Asije tu akakuambia una jini la baharini. Hilo litakuongezea hofu ya pili juu ya ya kwanza, na hapo mimi na yeye tutagombana.

Mama mwambie nimesema bibi aitwe Alhamisi. Wewe na mumeo anzeni ufuoni Jumamosi asubuhi, mkachukue na mahamri, na ukikaa ndani ya mashua iliyofungwa kwa mara ya kwanza niandikie uniambie taya zilikuwaje.